Taarifa ya Mighafu, Mwezi wa Kumi

Glethum,
joto limevunjika. Jumanne usiku nimejifunika blanketi
mara ya kwanza tangu Mei, na alfajiri nikakuta umande
kwenye bati la banda la mbuzi, unadondoka tone tone
kama mtu anayehesabu pesa asizotaka kuzitoa.

Nimeuzunguka msitu. Wacheke huko Maskati wakitaka:
miti arubaini na mmoja katikati ya mchanga wa Bidiya ni msitu,
na asiyesadiki aje saa saba mchana bila kofia.

Kwanza habari.
Mighafu imevuka kiangazi. Maganda yalikuwa mengi,
mbuzi wamekula, wamesambaza, na palipo samadi
pameota miche miwili, urefu wa kidole.
Nimeizungushia zile rafu za waya za friji bovu la mama.

Ghuwefu nao wameongezeka. Mgeni yule aliletwa
azuie mchanga; mchanga kauacha, kazuia maji.
Usimkate, Glethum. Ukimkata anarudi na ndugu zake.
Mchimbe mpaka chini ya shingo ya mzizi, dhiraa nzima,
kabla hajatoa maganda. Na ngamia asionje,
maana atakupandia shamba zima njiani.

Matagaa ya chini ya mighafu tusiyaguse mpaka Januari.
Mwenye ngamia akija na panga na salamu ndefu,
mpe kahawa, mpe halua, panga libaki garini.
Akishikilia, akate theluthi. Zaidi ya hapo
si kulisha tena, ni kunyoa maiti.

Sasa lile nililokuwa nalizunguka.
Unakumbuka kadhi alivyogawa: kumi na sita yangu,
kumi na sita ya Muhenna, minane yako,
ukabaki mmoja. Akasema, huu wa wote.
Tukaona vyema. Tukanywa chai chini yake.
Mwaka wa tisa huu, hakuna aliyeupalilia;
kila mmoja wetu alidhani mwenzake kapita.

Ijumaa iliyopita wamepita wengine.
Wamewasha moto kwenye lile pango la shina
ulimokuwa ukimlaza mwanasesere wako,
wakachoma mishikaki, wakafukia makaa
wakidhani mchanga unazima.
Mchanga hauzimi. Unaficha.
Mzizi umewaka siku mbili, ndani kwa ndani.
Nilipofika, shina lilikuwa jeusi mpaka kiunoni kwangu
na huko juu majani bado mabichi,
hayajapata habari.

Rayya wa idara ya kilimo alikuja. Akaligonga shina
kwa ufunguo wa gari, akatega sikio,
akagonga tena upande wa pili.
Usiumwagie maji ya majuto, kaniambia,
wala usiukate kwa huruma. Ngoja Machi.
Kama chini ni hai utachipua ubavuni.
Nikamuuliza, na kama si hai?
Akaomba maji ya kunawa mikono.

Basi kwa msimu huu: hapana moto
ndani ya hatua ishirini za mti wowote,
si kwa wageni, si kwa wajomba.
Nimeandika kibao. Muhenna anasema kibao
kitawaonyesha watu njia tu. Huenda.

Umeniuliza kama minane yako inauzika
kwa wale wenye kambi ya watalii.
Inauzika. Karatasi ninayo, sijaificha.
Ila huu mmoja hauuziki bila saini tatu,
na yako sitaichukua kwa simu.
Njoo kwanza uweke mkono pale palipo jeusi.

Ijumaa ya pili ya Novemba itafaa,
ghuwefu wanachimbika mchanga ukiwa na unyevu.
Usije na viatu vya ofisini, miba yao inapenya raba.
Na glavu zangu zimetoboka, zote mbili, kidole gumba.
Ukipita Ibra ninunulie jozi, ziwe za ngozi,
na nyingine yako.